Sarakasi Katika Karakana ya Maturubai

Saa nane kamili mchana, katika karakana moja ya kushona maturubai, cherehani zote saba huzimwa. Si kwamba umeme umekatika, wala si kwamba watu wamegoma. Zimenguruma tangu asubuhi, zimepata moto, na mashine ni kama punda: usipoipumzisha kwa hiari yako, itapumzika kwa hiari yake. Basi hupewa saa nzima zipoe na kutiwa mafuta, na katika saa hiyo kazi huwa ya mkono tu. Watu hushona pindo nene ambazo sindano ya mashine ikizigusa inavunjika, hupitisha kamba, na hushonea ringi za shaba pembeni mwa maturubai, zile ringi ambamo kamba hupita wakati wa kufunga mzigo kwenye lori.

Ni kazi ya kimya. Kinachosikika ni uzi ukipita kwenye turubai, fyuu, fyuu, na sauti ya mwanamke mmoja ikisoma kitabu.

Mwanamke huyo walimwita Redio. Usidhani ni kwa umbeya. Umbeya ulikuwa na mwenyewe pale, nitamtaja sasa hivi. Walimwita Redio kwa sababu sauti yake ilikuwa safi, haikwaruzi, na ukishaizoea hutaki izimwe.

Shule yake iliishia darasa la nne. Mama yake aliugua, wadogo zake walitaka wa kuwafulia, na hesabu za kugawanya zikabaki ubaoni bila yeye. Kusoma kwa kweli alikuja kujifunza ukubwani, ameshaolewa, na mwalimu wake akawa mumewe bila mwenyewe kujua. Mume alikuwa fundi baiskeli. Boliti na nati zake alizifunga kwenye vipande vya magazeti, na kila alipofungua kifurushi mke aliichukua ile karatasi, akainyoosha juu ya goti, akasoma. "Habari zangu zote zina mafuta ya mnyororo," alipenda kusema. Shida ni kwamba fundi alichana magazeti bila huruma, hivyo habari zilikatika katikati. Mwizi ameruka ukuta... basi. Kama alikamatwa au alivunjika mguu, hujui, maana nusu nyingine imefunga boliti za mteja mwingine. Redio hakuweza kulala na mwizi aliye hewani. Alimshusha mwenyewe, kichwani mwake, akamalizia habari kama alivyoona inafaa. Likumbuke hilo, maana ndilo lililokuja kumponza.

Kiti cha msomaji kilikuwa kigoda kimoja karibu na dirisha, kimewekewa mto wa masalio ya turubai. Hakikuwa kiti cha bure. Kila mtu alikuwa na fungu lake la ringi arobaini kwa saa ile, na msomaji hawezi kusoma huku anashona. Kwa hiyo ringi zake arobaini ziligawanywa kwa wenzake. Walimsomesha kwa vidole vyao, tena vidole vyenye malengelenge. Ndiyo maana sheria ilikuwa moja, nayo ilikuwa kali: msomaji asome kilichoandikwa. Asikate, asiongeze. Na nyumbani asitangulie zaidi ya sura moja, asije akajua mwisho akaanza kuringa.

Aliyekalia kigoda kabla ya Redio alikuwa Mpiga Chapa, yule bwana wa brashi na mabati yaliyotobolewa herufi, anayeandika majina ya wateja juu ya maturubai. Mpiga Chapa alikuwa na sauti ya mtangazaji wa mpira. Ila alikuwa mrukaji. Aliruka mvua, aliruka mama wa watu, aliruka mapenzi yote, alimradi afike kwenye ngumi. Walimkamata siku marehemu mmoja, aliyekuwa amezikwa Jumatatu, alipofunga ndoa Jumatano. Kumbe wenye jina lile walikuwa wawili, na yeye alikuwa ameruka kurasa kumi za maelezo. Alitolewa kigodani siku ile ile, akapewa ringi zake arobaini, na kwa kura Redio akaitwa. Miaka sita ilikuwa imepita tangu hapo. Hakuwahi kuwa na kitu kingine maishani alichopewa kwa kura, na ungemnyang'anya kigoda kile ungekuwa umemkata ulimi.

Sasa kitabu chenyewe. Kililetwa na wifi yake, dada wa fundi baiskeli, aliyekuwa akifagia maktaba ya shule moja. Vitabu vilivyochakaa vilitolewa nje kwenye sanduku, naye akachagua kilichokuwa kinene kuliko vyote.

"Wifi, nimekuletea tembo," akasema mlangoni.

"Mfungie nje huko. Humu hata kaka yako hapati pa kunyoosha miguu."

"Na simba yumo. Na wasichana wanaotembea juu ya kamba."

"Kama wewe unavyotembea mitaani wakati wa kazi."

Kilikuwa kitabu cha riwaya juu ya sarakasi ya kusafiri, ya zama za mababu wa mababu zetu, wakati wa taa za mafuta na treni za makaa. Sarakasi ile ilizunguka mji hadi mji, ikishusha wanyama na nguzo kwenye kila kituo, ikisimamisha hema kubwa, ikionyesha michezo siku tatu, kisha ikikunja kila kitu na kupanda treni tena. Mpiga Chapa aliuliza siku ya kwanza, "Mambo haya ni ya kweli?" Redio akarudi ukurasa wa mbele, akawasomea alivyosema mwandishi mwenyewe: watu nimewabuni, lakini treni, njaa na mvua ni vya kweli.

"Hapo sawa," akasema Babu Kamba. "Mtu anayejua mvua nitamsikiliza."

Babu Kamba ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na kwa ufundi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akisokota, akipitisha na kufunga kamba za karakana ile. Kusoma hakujua, ila masikio yake yalikuwa kama ya sungura. Pembeni yake alikaa Shangazi Nta, anayepaka nyuzi nta ili zisioze kwa maji. Huyu ndiye mwenye umbeya niliyekuahidi. Walimwita Shangazi hata waliomzidi umri.

Vitabu vingi vilikuwa vimepita pale, lakini hiki kiliwashika kooni. Sababu ni kwamba mwandishi alijua turubai. Alipoeleza hema lilivyoshonwa, vipande kumi na viwili, pindo mbili kila mahali, Babu Kamba alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia jina la kijiji chake. Aliposema hema lilikuwa na upana wa hatua hamsini, Mpiga Chapa alichukua chaki akaenda kupima sakafuni. Akafika ukutani kwenye hatua ya ishirini na nane, akatoka nje, akavuka uwanja, akaishia kwenye choo cha jirani.

"Hema limefika msalani!" akapaza sauti. "Watazamaji wa nyuma walipe nusu!"

Mwenye sarakasi alikuwa na masharubu yaliyosimama kwa nta. Shangazi Nta alitaka kujua nta gani. Redio akasema kitabu hakikusema. "Basi huyo mwandishi hajaishi na mwanaume," akasema Shangazi. Palikuwa na simba mzee asiye na meno, anayelishwa uji nyuma ya pazia ili watu wasijue. Palikuwa na Msichana wa Kamba. Na palikuwa na Bibi Uzi, mshonaji wa hema, mwanamke aliyepita makamo, anayezunguka hema kila asubuhi akilipapasa kwa viganja kama anayetafuta homa.

Bibi Uzi ndiye waliyempenda. Redio akisoma sura asiyokuwamo, ringi zilishonwa shingo upande.

Babu Kamba alimpenda kuliko wote. "Huyo angekuwa hapa," alisema, "mimi ningestaafu kwa amani."

Maana alikuwa anastaafu. Umri ulikuwa umefika, karatasi zilikuwa zimeandikwa, na Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Mdomoni alifurahi. "Nitalala mpaka jua linitoboe kope," alisema. Lakini mikono yake ilisema mengine: kwa mwezi mzima alikuwa akipita nyuma ya wenzake, akivuta mafundo waliyofunga, hata yale aliyowafundisha mwenyewe na hayakuwa na kosa. Na alikuwa amejitengenezea sanduku la mbao la kuwekea zana zake, limekaa chini ya meza yake, tupu, likisubiri.

"Redio mwanangu," alimwambia Jumatatu, "kitabu kitaisha kabla sijaondoka?"

"Kitaisha, Babu. Hata ikibidi nisome kama mtu anayekimbizwa."

Jumatano jioni Redio alikaa jikoni na kitabu, maharage yakichemka, akaisoma sura ya kesho ili ulimi usije ukamteleza. Ilikuwa sura ya dhoruba. Upepo ulilivamia hema wakati wa mchezo, kamba kubwa ikakatika, hema likachanika kutoka juu mpaka chini, likawalalia watu. Hakufa mtu. Lakini mwenye sarakasi, yule wa masharubu, alimtupia lawama Bibi Uzi: macho yako yamezeeka, mikono yako imezeeka. Asubuhi yake wakamshusha kwenye kituo kidogo cha treni, na sanduku lake, wakamwacha. Kitabu kilisema hivi: *Treni ilipoondoka hakuna aliyempungia isipokuwa tembo, naye alikuwa akifukuza nzi. Bibi Uzi akakaa juu ya sanduku, akautazama moshi mpaka ukawa wingu, na wingu mpaka likawa si kitu.*

Mumewe aliingia akamkuta na machozi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wamemshusha Bibi Uzi kwenye treni."

"Alikuwa na tiketi?"

"Mume wangu, hiki ni kitabu."

"Kama ni kitabu, mbona unalilia kwenye maharage? Yatakuwa na chumvi mara mbili."

Akacheka, lakini kicheko hakikukaa. Alimwaza Babu Kamba. Aliwaza sanduku lile la mbao chini ya meza. Nitamsomeaje mzee yule, zimebaki siku mbili atoke langoni na sanduku lake, habari ya mtu aliyeshushwa na sanduku lake?

Alhamisi aliomba kimoyomoyo litokee jambo. Lori lije. Msimamizi aitishe kikao. Hata mvua kubwa ipige mabati, mtu asisikie. Wapi! Siku ilikuwa nyeupe kama sahani. Saa nane ikagonga, cherehani zikanyamaza, watu wakagawana ringi zake, na yeye akakaa kigodani akafungua ukurasa.

Alisoma dhoruba vizuri, neno kwa neno. Upepo ukaingia. Nguzo zikalia. Kamba kubwa ikaanza kufumuka uzi mmoja mmoja. Akanyanyua macho kuvuta pumzi, akamwona Babu Kamba ameshika sindano hewani, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayesubiri kijiko.

Mdomo wa Redio ukashika njia yake wenyewe.

"Ndipo Bibi Uzi," akasoma, macho kwenye ukurasa usiosema hivyo hata kidogo, "alipoichupia kamba ile. Akaizungusha kwenye nguzo mara mbili. Akaipitisha chini ya mzunguko wake wa kwanza, akaacha kitanzi cha kuingia kidole kimoja, na akakikanyaga kitanzi kwa kisigino huku akivuta kwa nguvu zake zote. Na kamba ikashika! Hema likatikisika, likatulia, wala halikuanguka."

Shangazi Nta akapiga makofi. Mtu mmoja kule nyuma akapiga mluzi. Babu Kamba hakupiga kitu. Aliweka sindano chini.

"Ngoja," akasema. "Kwa kisigino?"

"Ndiyo, Babu. Kwa kisigino."

"Cha kulia au cha kushoto?"

Redio akatazama ukurasa, kana kwamba unaweza kumsaidia. Fundo lile alikuwa ameliona likifungwa mara elfu, mbele ya macho yake, siku nenda siku rudi. "Cha kushoto," akajibu.

Babu Kamba akasimama, taratibu, akishikilia meza.

"Fundo hilo nimelibuni mimi. Hapa hapa, kwenye nguzo ile, mwaka ule mvua ilipoezua paa la stoo. Halipo mahali pengine duniani. Na mimi nakanyaga kwa kushoto kwa sababu goti langu la kulia liliumia nilipoanguka kwenye lori. Sasa naomba niambiwe, Bibi Uzi goti lake lilipatwa na nini?"

"Babu," akasema Mpiga Chapa, "labda mwandishi alikuibia. Miaka mia moja kabla hujazaliwa!"

Watu wakacheka mpaka uzi ukawatoka mikononi. Babu hakucheka.

"Nisomee tena, mwanangu. Tangu upepo."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Redio ilikuwa na urefu wa nusu ukurasa. Alitazama maandishi: *kamba ikakatika*. Alitazama watu. Angeweza kujaribu kurudia alivyotunga, lakini alijua atakosea mahali, na hata asipokosea, ule uso wa mzee ulikuwa mbele yake.

"Halimo," akasema.

"Nini halimo?" akauliza Shangazi Nta.

"Fundo. Kwenye kitabu halimo. Kamba imekatika na hema limeanguka. Nimeongeza mimi."

Mlangoni msimamizi, ambaye kila siku saa hiyo huja kuhesabu mabunda ya kamba yale yale manne, aliacha kuhesabu.

Mpiga Chapa aliifuta brashi yake kwa kitambaa, polepole, kama mtu aliyesubiri chakula miaka sita na sasa anasikia sahani. "Mimi nilitolewa kwa kuruka," akasema. "Kuruka ni nini? Ni kuiba kidogo. Lakini huyu kaongeza! Huyu kaghushi!"

Redio hakungoja kura. Alinyanyuka, akakiacha kitabu juu ya kigoda, akaenda kuketi kwenye lundo la ringi. Akachukua sindano. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu mara tatu.

"Sheria ni sheria," akasema Babu Kamba, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na uchovu. "Asome mwingine. Tusikie kilichoandikwa."

Mpiga Chapa akakaa kigodani. Akakohoa kitangazaji. Akasoma kamba ikikatika, akasoma hema likichanika, akasoma mwenye sarakasi akimtukana Bibi Uzi, na ile sauti yake ya mpira ilitetemesha dirisha. Watu wakanuna, wakaguna, Shangazi Nta akamlaani yule bwana na masharubu yake. Mpiga Chapa akafika kituoni. Hapo akageuza ukurasa. Kisha akasema haraka haraka, "Na siku iliyofuata sarakasi ilifika katika mji mwingine, na—"

"Umeruka," akasema Redio kutoka kwenye ringi.

"Sijaruka."

"Umeruka. Kuna sanduku hapo. Kuna tembo."

"Karatasi ina vumbi," akasema Mpiga Chapa, akijifuta macho kwa kile kitambaa cha brashi, na kikamwachia alama ya rangi nyeusi kutoka jichoni mpaka sikioni. "Haionekani vizuri."

Shangazi Nta aliangua kicheko. "Jamani! Mmoja anajenga, mwingine anaruka! Na sisi tunaoshona ringi zenu tumekosa nini?"

Babu Kamba alimtazama Mpiga Chapa na ile alama yake, akamtazama Redio na uzi wake usioingia. Ni hapo alipoelewa kwamba wote wawili walikuwa wakizunguka shimo moja, na kwamba shimo lenyewe ni yeye.

"Redio. Ulichoongeza uliongeza kwa nini?"

"Kesho ni Ijumaa, Babu."

Mzee akavuta kiti chake, akakaa.

"Sikiliza, mwanangu. Nimevuta kamba miaka thelathini na mmoja. Ulidhani nitakatika kwa ukurasa mmoja? Nikitaka kulia nitalia. Hicho kilio ni changu, nimekishonea ringi. Usininyime." Akaashiria kigoda kwa kidevu. "Rudi pale. Soma kituo."

Mpiga Chapa akampisha, na nadhani kwa shukrani. Redio akasoma. Alisoma sanduku, akasoma tembo na nzi, akasoma moshi mpaka ukawa wingu, na wingu mpaka likawa si kitu. Alisoma polepole, bila kukata na bila kuongeza.

Babu Kamba alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa na maji, ila uso ulikuwa na swali la fundi.

"Ndani ya sanduku kuna nini?"

Redio akatafuta mistari ya juu. "Sindano tano. Kipande cha nta. Mkasi. Na kigozi chake cha kiganjani, cha kusukumia sindano."

"Aha." Mzee akaegemea nyuma. "Kumbe hakuachwa. Wameachwa wao. Fundi akishuka na zana zake, walioachwa ni wale waliobaki kwenye treni na hema lililochanika. Atawashonea nani sasa? Tembo?"

"Na masharubu yatalainika," akasema Shangazi Nta.

Ikabaki habari ya kigoda. Mpiga Chapa alisema yeye hakitaki tena. Kitabu chenye vituo vya treni kinamzidi nguvu. Shangazi Nta akataka kura. Babu Kamba akasema atoe hukumu yeye, kwa kuwa kesho hatakuwa na hukumu tena pale. "Asome," akasema. "Zimebaki sura tatu, nazo zote ni za kesho, sitaki kuondoka na deni la hadithi. Lakini ringi zake za kesho ashone mwenyewe, arobaini, jioni, kabla hajaenda kwa mumewe."

"Naafiki," akasema msimamizi kutoka mlangoni, halafu akakumbuka kwamba yeye yupo pale kuhesabu kamba.

Ijumaa cherehani zilizimwa saa saba na robo. Msimamizi alisema zimepata moto mapema, labda ni hali ya hewa. Hakuna aliyembishia, ingawa cherehani mbili zilikuwa hazijawashwa tangu asubuhi. Sanduku la Babu Kamba lilikuwa juu ya meza, limejaa, na ubavuni Mpiga Chapa alikuwa ameliandika kwa mabati yake, herufi nyeusi zilizonyooka: SARAKASI. Babu alilitazama sana. "Watu watanidai tembo," akasema, lakini alilizungushia kitambaa ili rangi isichubuke.

Redio akasoma sura tatu. Simba mzee alikufa usingizini, ameshiba uji, na watu wakasema hata sisi tungependa hivyo. Masharubu alifilisika. Msichana wa Kamba alinunua hema jipya katika mji mkubwa, akapanda juu kabisa, watu wakashangilia, na kitabu kikaisha.

"Geuza ukurasa," akasema Shangazi Nta.

"Zimeisha, Shangazi."

"Bibi Uzi yuko wapi?"

"Hajatajwa tena."

"Angalia kwenye jalada!"

Kwenye jalada palikuwa na mhuri wa maktaba tu. Zogo likazuka. Mmoja alisema huo ni ukatili, mwingine akasema labda kuna kitabu cha pili. Mpiga Chapa akasimama juu ya kiti. "Mwandishi karuka!" akapiga kelele. "Miaka sita nasimangwa mimi, kumbe mwandishi mwenyewe ni mrukaji! Mtoeni kwenye kigoda!"

Babu Kamba aliinua mkono, na kelele zikashuka.

"Redio. Funga kitabu."

Akakifunga.

"Kiweke chini."

Akakiweka sakafuni, karibu na mguu wa kigoda.

"Kitabu kikiwa wazi, unasoma kilichomo. Hiyo ni sheria na itabaki hata nikiondoka. Lakini sasa kimefungwa, na mama wa watu yuko kituoni jua linampiga. Mtoe pale. Nani amekukataza?"

Redio alipapasa magoti yake, mahali ambapo miaka yote ile magazeti ya boliti yalinyooshwa. Mikono ya wenzake ikarudi kwenye ringi, fyuu, fyuu.

"Basi," akaanza, "Bibi Uzi alikaa juu ya sanduku mpaka akasikia njaa. Ikaja treni ya mizigo. Na kwenye behewa la tatu turubai lilikuwa limefumuka, linapigapiga kama bawa la kuku."

"Pindo moja hilo," akasema mtu nyuma. "Kazi ya haraka."

"Pindo moja, ndiyo. Bibi Uzi akaona aibu kwa niaba ya aliyelishona. Akafungua sanduku."

"Uzi usiwe mkavu," akadakia Shangazi Nta. "Aupake nta kwanza."

"Akaupaka nta kwanza. Akapanda behewani, akashona, na mkuu wa kituo akatoka na kikombe chake cha chai, akasimama anamtazama. Mara kikavuma kimbunga..."

"Bila mvua?" akauliza Babu Kamba.

"Na mvua, Babu. Mvua ya kweli. Turubai likataka kuondoka na behewa lote. Bibi Uzi akaidaka kamba, akaizungusha kwenye nguzo ya kituo mara mbili, akaipitisha chini ya mzunguko wake wa kwanza, akaacha kitanzi cha kidole kimoja, na akakikanyaga kwa kisigino."

Babu Kamba alikuwa ameshasimama kando ya sanduku lake, amelishika mshikio.

"Cha kushoto?"

"Cha kushoto. Maana goti la kulia lilimsumbua tangu ujana. Alianguka kutoka kwenye gari la tembo."

Mzee akatikisa kichwa, taratibu, ameridhika kabisa.

"Hapo sasa," akasema, akavuta kiti akakaa tena, sanduku miguuni. "Endelea. Nitatoka ukimfikisha mahali pa kulala."